Tetemeko Lizaalo Tetemeko

Mnamo mwezi wa Desemba mwaka 1939, mji wa Erzincan, mashariki ya Uturuki, ulibomolewa na tetemeko la ardhi lililoua watu zaidi ya 30,000. Mwaka 1942 ardhi ikatetemeka tena, magharibi ya hapo. Kisha 1943, na 1944, kila mara magharibi zaidi. Je, ni sadfa tu?

Matetemeko hayo yote yalitokea katika ufa mmoja wa ganda la dunia, ufa wa Anatolia ya Kaskazini, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Miamba ya kando zake mbili husukumwa pande zilizo kinyume, kiasi cha sentimita 2 hivi kwa mwaka, lakini msuguano huizuia isiteleze. Hivyo mkazo hujilimbikiza, kama katika upinde uliovutwa, hadi siku msuguano ushindwe.

Wengi hudhani kuwa baada ya hapo mkazo hutoweka wote. Sivyo. Katika kipande kilichoteleza hupungua, naam, lakini penye ncha zake, ambapo miamba haijateleza bado, huongezeka. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa matofali mawili yaliyounganishwa kwa ukanda wa mpira juu ya ubao. Livute la kwanza polepole kwa ukanda mwingine: litakaporuka, ukanda ulio nyuma yake utakazwa, na pengine tofali la pili nalo litaruka, papo hapo au baada ya kuvuta kidogo tu.

Nyongeza hiyo ni ndogo mno kuliko mkazo uliolimbikizwa kwa karne nzima. Haiundi tetemeko; huliharakisha lile lililokwisha kuwa karibu. Mwaka 1997 wataalamu Ross Stein, Aykut Barka na James Dieterich walichapisha hesabu zao za ufa huo, wakiutaja upande wa Izmit kuwa miongoni mwa mahali palipoongezewa mkazo. Hawakutaja siku, na adaiye kuijua siku asisadikiwe. Tarehe 17 Agosti 1999 Izmit ikatikiswa, watu zaidi ya 17,000 wakafa. Tarehe 12 Novemba ikawa zamu ya Düzce, penye ncha ya mashariki ya kipande kilichoteleza Agosti.

Ncha ya magharibi iliishia chini ya Bahari ya Marmara. Mbele yake, kusini ya jiji la Istanbul, kuna kipande ambacho tetemeko lake kubwa la mwisho lilitokea mwaka 1766. Lile la Aprili 2025, la ukubwa wa 6.2, lilipunguza sehemu ndogo tu ya mkazo wake.