Sauti za Wazee Wetu Zisipotee

Leo tuna somo juu ya kuhifadhi maneno ya wazee. Tutajibu maswali matatu. Kwanza, maneno ya wazee yana faida gani? Pili, ni nani waliotutangulia katika kazi ya kuyahifadhi? Tatu, sisi wenyewe tuyahifadhi namna gani?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Babu yangu alijua habari zote za mfongo unaopita karibu na kihamba chetu. Mfongo, kama mjuavyo, ni mfereji wa kuleta maji kutoka mtoni mpaka mashambani. Babu alijua ni ukoo gani uliouchimba, na ni ukoo gani uliopewa zamu ya asubuhi au ya jioni. Siku moja nilimrekodi kwa simu yangu. Lakini nilikuwa na haraka. Sikutaja tarehe, sikuuliza wale aliowataja walikuwa watoto wa nani, wala sikufanya nakala ya pili. Babu akafariki. Baadaye simu ikaharibika. Kisha ukatokea ugomvi wa zamu ya maji baina ya majirani. Kila upande ukasema, "Mzee aliniambia mimi." Hakuna aliyeweza kuthibitisha. Maneno ya babu yalikuwa mkononi mwangu, nami nikayaacha yapotee.

Basi hiyo ni faida ya kwanza: maneno ya wazee husaidia kumaliza ugomvi. Wazee wetu hawakuandika mambo yao karatasini. Mpaka wa kihamba ulionyeshwa kwa mimea ya masale. Mtu aliyemkosea mwenziwe alimpelekea isale kuomba msamaha. Lakini masale hayasemi yenyewe. Mtu asiyeelezwa maana yake ataona majani tu.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Wengi wenu mmesikia habari za Mangi Meli wa Old Moshi. Tarehe 2 Machi mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, na Mangi Molelia wa Kibosho alikuwa mmoja wao. Watoto na wajukuu waliambiwa na wakubwa wao kwamba kichwa cha Mangi kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Habari hiyo ilikaa midomoni mwa watu zaidi ya miaka 100. Wazee waliisimulia, na vijana wakaishika.

Kweli, Wajerumani walikuwa wamechukua mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki. Mafuvu zaidi ya 1,000 yalikuwa yamehifadhiwa Berlin. Wataalamu walipoyachunguza, walipima vinasaba vya mafuvu machache ambayo kumbukumbu zake zilielekea Kilimanjaro. Vinasaba ni alama za urithi mwilini, ambazo kila mtu huzipata kwa wazazi wake. Walivilinganisha na vinasaba vya watu wanaoishi Tanzania. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 ilitangazwa kwamba jamaa wa mafuvu 3 wamepatikana. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", naye alikuwa mshauri wa Mangi Meli. Mawili yalihusiana na ukoo wa Molelia. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikutambuliwa katika kazi hiyo.

Sasa fikirini jambo hili. Mashine hupima, lakini mashine haijui nyumba ya kubisha hodi. Watu wa kupimwa walipatikana kwa sababu koo zilikuwa bado zinakumbuka: "Sisi ni kizazi cha fulani, na fulani alinyongwa Old Moshi." Kama wazee wangalinyamaza, mafuvu hayo yangalibaki bila jamaa.

Tuje kwenye swali la pili. Kazi hii si mpya hapa mlimani. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mwalimu mmoja wa Marangu, jina lake Nathaniel Mtui, aliwauliza wazee habari za Wamangi akaziandika katika madaftari. Mmisionari Bruno Gutmann alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akaishi miaka mingi Old Moshi, akaandika mengi aliyoelezwa na wazee. Kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926. Petro Itosi Marealle, aliyekuwa Mangi, aliandika kwa Kiswahili juu ya maisha ya Mchagga. Kisha Bibi Kathleen Stahl alizunguka mlimani kuwasikiliza wazee wa nchi mbalimbali za Wamangi. Alitumia pia maandishi ya Mwalimu Mtui, na kitabu chake cha historia ya Wachagga kilitoka mwaka 1964.

Tunawashukuru wote hao. Lakini angalieni: kitabu cha Gutmann kiliandikwa kwa Kijerumani, na cha Bibi Stahl kwa Kiingereza. Mjukuu wa mzee aliyeulizwa huenda asiweze kusoma maneno ya babu yake. Tena, kitabu hakina sauti. Hatusikii mzee alivyocheka, wala alivyonyamaza kidogo kabla ya kutaja jina la marehemu.

Sauti ina kazi yake. Nitawapa mfano wa mbali, kutoka visiwa vya Hawaii, katika bahari kuu ya Pasifiki. Huko lugha ya wenyeji iliondolewa katika mafundisho ya shule mwaka 1896, na watoto wakakua wakisema Kiingereza. Mwaka 1972 mwalimu mmoja, Larry Kimura, alianzisha kipindi cha redio. Aliwaalika wazee wazungumze kwa lugha yao: habari za uvuvi, za mashamba, za nyimbo na za majina ya mahali. Kipindi kiliendelea mpaka mwaka 1988, na kanda zikatunzwa. Vijana ambao hawakuwahi kuwaona wazee wale hujifunza lugha kwa kusikiliza sauti zao.

Sasa swali la tatu: tufanyeje? Siku hizi simu nyingi hunasa sauti. Shikeni mambo haya sita.

La kwanza, omba ruhusa. Mweleze mzee unataka nini na nani atasikiliza. Akisema, "Jambo hili ni la ukoo tu," liache.

La pili, anza kwa kutaja tarehe, mahali, jina lako na jina la mzee.

La tatu, uliza swali linalofungua mlango. Usiseme, "Zamani maisha yalikuwa mazuri, sivyo?" Mzee atajibu "Ndiyo" na habari itakwisha. Sikilizeni mfano huu:

"Babu, shikamoo."
"Marahaba, mjukuu wangu."
"Babu, nieleze siku mfongo ulipobomoka, watu walifanya nini?"
"Aa! Siku hiyo pembe ilipigwa, wote tukatoka…"
"Wewe ulikuwapo, babu, au uliambiwa?"
"Nilikuwapo. Nilibeba mawe."

Umeona? Swali la mwisho ndilo la nne katika mambo yetu: uliza kama mzee aliona kwa macho yake au aliambiwa, na aliambiwa na nani.

La tano, usimsikilize mtu mmoja tu. Jirani yetu wa Upare, marehemu Profesa Isaria Kimambo, alitoa mwaka 1969 kitabu cha historia ya Wapare kilichojengwa juu ya masimulizi ya wazee. Kazi ya namna hiyo hutaka kulinganisha maneno ya ukoo huu na ya ukoo ule. Wazee nao husahau, na kila ukoo hupenda kujisifu. Waulize pia akina bibi. Wao wanajua habari za soko, za uzazi na za mbege ambazo babu hazijui.

La sita, fanya nakala mbili, uziweke mahali mbalimbali. Kisha andika maneno hayo katika daftari na umsomee mzee, apate kusahihisha. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika, kazi hii ni yenu hasa.

Ndugu zangu, hesabuni miaka. Chama cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933. Aliyezaliwa mwaka huo amepita miaka 90. Mwenge wa Uhuru uliwekwa kilele cha Kilimanjaro mwezi wa Desemba mwaka 1961. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile amepita miaka 70. Hawa ndio wazee wetu wa leo. Msingoje Krismasi ijayo.

Kazi ya juma hili: kila mmoja amwendee mzee mmoja, amwulize jambo moja tu, kama mfongo wa kijiji ulianzaje au kahawa ya kwanza ilipandwa na nani kihambani. Andikeni mistari kumi. Mwalimu wa darasa atawaomba mzisome kwa sauti katika mkutano ujao.

Maswali ya mazungumzo darasani:
1. Kwa nini jamaa wa mafuvu yaliyokuwa Berlin waliweza kupatikana?
2. Kuna tofauti gani kati ya mzee aliyeona na mzee aliyeambiwa?
3. Katika kijiji chenu, ni habari gani inayojulikana na mzee mmoja tu?

Nawatakia kazi njema. Kwaherini mpaka somo lijalo.