Bilula la Bafu Linalovuja

Bilula la bafu lianzapo kudondosha maji, wengi hulikaza kwa nguvu, na kesho yake hulikaza zaidi. Huko ni kuliua. Washa ya mpira iliyomo ndani hukatika, na pale pa shaba inapokalia hupata makovu, hata washa mpya isifae kitu.

Kwanza hufungwa koki kuu ya nyumba, na maji yaliyobaki huachwa yatoke yote. Tundu la bafu huzibwa kwa kitambaa, kwani skrubu ikidumbukia humo, kazi huwa nyingine kabisa. Kishikio na kifuniko chake huondolewa, ndipo nati kubwa ya shingo ionekane. Spana moja huifungua. Ya pili hulizuia bilula zima lisizunguke na kulegeza bomba la chini.

Washa kuukuu ipelekwe dukani iwe kipimo: bilula la bafu aghalabu ni la robo tatu ya inchi, la beseni nusu inchi. Kukisia ni kupoteza fedha.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kurudisha. Kabla ya nati kukazwa, kijiti cha shaba kizungushwe juu, kama bilula lililo wazi. Kikiwa chini, washa mpya husetwa. Koki kuu hufunguliwa polepole. Maji yakichuruzika shingoni, wala si mdomoni, kijiti huzungushiwa uzi uliopakwa grisi.