Bunduki Ikilemewa na Baruti

Mwindaji akipiga risasi, kisha akaona komeo la bunduki haliinuki ila kwa kulisukuma kwa nguvu, haifai atie risasi ya pili kutoka bweta lile lile. Bunduki imemwambia jambo, nayo husema kwa kuchelewa.

Katika Marekani na nchi kadha za Ulaya wako wawindaji wengi wenye leseni ambao hujijazia risasi zao wenyewe. Huokota maganda yao yaliyokwisha pigwa, wakatia fataki mpya, wakapima baruti kwa mizani midogo, na juu yake wakapachika kichwa kipya cha risasi. Gharama hupungua, tena risasi hulingana na tabia ya bunduki moja. Lakini mtu huyo amejitwika kazi ya mkaguzi wa kiwanda, naye kwa kawaida hana chombo cha kupimia nguvu inayozuka ndani ya mtutu.

Nguvu hiyo si ya kuchezewa. Gurudumu la lori hujazwa upepo wa paundi 100 hivi kwa kila inchi ya mraba. Risasi ya .30-06, ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka wa 1906, yaruhusiwa kufika paundi 60,000. Yote hayo hutokea karibu kabisa na uso wa mpigaji, na kinachozuia moshi wa moto usirudi nyuma ni ganda la shaba tu.

Kwa hiyo ganda ndilo la kuchunguzwa, moja moja, mara tu litokapo. Tazama kwanza fataki. Ikiwa ukingo wake uliokuwa wa mviringo umebonyea bapa hata ukajaza tundu lake, au ikiwa pale ilipogongwa na sindano pamezuka ukuta mdogo kama mdomo wa shimo, shuku. Kisha tazama kitako cha ganda: alama inayong'aa, iliyopigwa chapa na chuma cha komeo, yaonyesha kwamba shaba imesukumwa nyuma kwa nguvu nyingi mno. Na wakati wa kujaza tena, fataki ikiingia kwa ulegevu au ikaanguka yenyewe, ganda hilo limekwisha tanuka, wala halifai tena.

Dalili hizi zaweza kudanganya. Fataki za namna nyingine ni laini, nazo hubonyea hata kama baruti si nyingi. Sindano iliyo na tundu pana huacha ukuta ule ule. Vumbi au mafuta katika chumba cha risasi huweza kukaza komeo. Udanganyifu wa pili ni mbaya zaidi, nao ni kukosekana kwa dalili. Shaba ni ngumu, na mara nyingi haionyeshi kitu mpaka kipimo kimekwisha pitwa. Risasi ya .45-70, iliyotolewa mwaka wa 1873, kipimo chake ni paundi 28,000 tu. Mwenye bunduki ya kale ya namna hiyo, akingoja fataki ibonyee ndipo apunguze baruti, huenda mtutu ukapasuka kwanza.

Shahidi aliye bora ni chombo cha kupimia mwendo wa risasi. Kitabu cha watengenezaji wa baruti kikisema kwamba mwisho ni futi 2,700 kwa sekunde, nawe wapata 2,850 kwa mtutu wa urefu ule ule, usifurahi. Mwendo huo umenunuliwa kwa nguvu ya ziada, na mnyama hatambui tofauti.

Jua nalo lina sehemu yake, maana baruti nyingi zikipata joto huwaka kwa ukali zaidi. Mafundi wa Uingereza waliowatengenezea wawindaji wa Afrika na India walilijua hilo. Kampuni ya John Rigby ilipotoa risasi yake ya .416 katika mwaka wa 1911, ililipa ganda kubwa ili nguvu isipande sana, na ganda litoke kwa urahisi hata katika nchi ya joto. Ganda likikwama mbele ya nyati hakuna nafasi ya kutafuta nyundo. Basi kipimo kilichojaribiwa asubuhi ya baridi kisihesabiwe kuwa salama kwa risasi zilizoachwa mchana kutwa ndani ya motokaa.

Wajazaji waangalifu huanza sehemu moja ya kumi chini ya mwisho wa kitabu, wakapanda kidogo kidogo. Wakibadili cho chote, iwe ganda, fataki au kichwa cha risasi, hurudi chini na kuanza upya. Maganda ya kijeshi, kwa mfano, mara nyingi ni mazito, na nafasi iliyomo ndani ni ndogo.

Na zile risasi zilizobaki bwetani baada ya komeo kukaza? Zisipigwe ili kuzimaliza, wala asipewe rafiki mwenye bunduki "yenye nguvu zaidi". Ving'olewe vichwa kwa chombo chake, baruti imwagwe, na kazi ianzwe tena mizanini.