Windows mpya, sauti za wazee bila majina

Kabla hujapeleka kompyuta yako kwa fundi akuwekee Windows mpya, nikuulize swali moja. Si lile la kawaida la "picha zangu zitabaki?" Hilo fundi atalijibu bila hata kuinua kichwa: zitabaki. Na kweli zitabaki. Swali langu ni hili: zikibaki, utajua ni za nani?

Nauliza kwa sababu msimu wenyewe ndio huu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo kila mwenye laptopu kuukuu anaambiwa ahamie Windows 11, na kama mashine yake haiwezi, anunue nyingine. Huku kwetu Kangeta hiyo ina maana moja: unabeba mashine mpaka kwa fundi, unalipa, unarudi kuichukua jioni. Unafungua faili mbili tatu, zinafunguka, unaenda nyumbani ukiwa na raha zako. Kumbe kuna kitu kimeangukia njiani na hakuna aliyekisikia kikianguka.

Kitu hicho wataalamu wanakiita metadata. Mimi nitakiita maelezo ya faili: nani aliitengeneza, lini, wapi, inahusu nini. Faili yenyewe inaweza kuwa salama kabisa na maelezo yake yakawa yameenda.

Gunia lisilo na alama

Mtu wa Kangeta hahitaji chuo kuelewa jambo hili (na mimi chuo nilikiacha katikati, kwa hivyo niamini). Miraa ikivunwa asubuhi inafungwa bunda, inavikwa majani ya mgomba isinyauke, inaingia kwenye gunia, na pikapu inatoka mbio kuelekea Nairobi kwa sababu baada ya siku mbili hivi haina maana tena. Lakini gunia halipandi gari bila alama ya mwenyewe. Likifika Eastleigh bila alama, miraa ni ileile, majani ni yaleyale. Sasa atalipwa nani?

Faili ni hivyo hivyo. Rekodi ya sauti, video, karatasi iliyoskaniwa: hiyo ndiyo miraa. Alama ya kwenye gunia ndiyo maelezo. Na Windows, kwa miaka kadhaa, ilikupa mahali pazuri sana pa kuweka alama, halafu ikapaondoa.

Daftari lililofichwa ndani ya XP

Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Wengi wetu tulikutana nayo kwenye saiba, ikiwa na ile picha ya kilima cha kijani na mbingu ya buluu. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua Properties, ulipata ukurasa mdogo ulioitwa Summary. Hapo uliweza kuandika kichwa, mada, mwandishi, kundi, maneno muhimu na maoni yako. Uzuri wake ni kwamba haikujali sana ni faili ya aina gani. PDF, rekodi ya simu, video ya 3gp, zote ulizibandikia maelezo kwa lugha yako mwenyewe.

Ila yaliandikwa wapi? Hapo ndipo mambo yanaanza kuwa magumu. Kwa nyaraka za Word na picha za JPEG, maelezo yaliingia ndani ya faili. Kwa aina nyingine nyingi, XP iliyaweka kando, kwenye mfuko uliofichwa ambao unashikiliwa na diski yenyewe, mradi diski hiyo iwe imepangwa kwa mfumo unaoitwa NTFS. Mfuko huo hauonekani kwenye folda. Hata ukiangalia ukubwa wa faili, haumo kwenye hesabu.

Sasa chukua faili hiyo uiweke kwenye flashi. Flashi nyingi za dukani zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haijui kubeba mfuko huo. Faili inafika, mfuko unabaki. Kuituma kwa barua pepe ni vilevile. XP yenyewe ilikuwa na onyo: ukinakili faili ya namna hiyo kwenda kwenye flashi ilikuambia kuna maelezo ya ziada yanayoweza kupotea, na kukuuliza kama unaendelea. Lakini nani anasoma onyo akiwa na wateja watano mlangoni? Ni kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Januari 2007 Windows Vista ikaingia madukani, kisha Oktoba 2009 ikaja Windows 7, ambayo ndiyo wengi huku walihamia. Ukurasa wa Summary haukuwepo tena. Mahali pake kukawa na Details, ambapo unaweza kuandika tu kwa zile aina za faili ambazo Windows ina njia ya kuandika ndani yake. JPEG, sawa. Word, sawa. PDF au rekodi ya simu ya zamani? Unatazama tu. Na yale uliyoandika zamani kwenye mfuko wa pembeni hayaonyeshwi tena, hata kama bado yapo.

Tuwe wa haki. Mantiki ya mabadiliko hayo si mbaya: maelezo yakikaa ndani ya faili yanasafiri nayo popote, hata kwenye flashi. Tatizo ni kwa wale waliokuwa wameshaandika. Hakuna aliyewaambia, "Hamisheni yaliyomo, chumba hiki kinafungwa."

Rekodi 43

Kwetu, aliyeumia ni baba mdogo. Kati ya 2008 na 2012 alikuwa na tabia moja ambayo sisi watoto tuliicheka: akikutana na mzee yeyote wa ukoo, anatoa Nokia yake na kurekodi. Alikuwa akiwauliza mambo ya mashamba. Mpaka wa hapa ulipita wapi? Mgumo uliokuwa pale ulikatwa na nani? Nani alimpa nani shamba hili, na kwa mbuzi wangapi? Ukijua Igembe unajua kwa nini. Shughuli ya kugawa na kuandikisha ardhi huku imevuta miaka na miaka, na sehemu nyingi mtu analima kwa neno la wazee kuliko kwa hati.

Rekodi zilikuwa 43, zote zikiwa na majina ambayo simu ilizipa: sauti 1, sauti 2, mpaka mwisho. Alizihamishia kwenye kompyuta yake ya XP, na kwenye ule ukurasa wa Summary akaandika kila moja: anayezungumza ni nani, ni kijiji gani, tarehe gani, na nani walikuwa wamekaa hapo wakisikiliza. Kazi safi. Hata wengine wa chuo hawafanyi hivyo.

Aprili 8, 2014 Microsoft ikaacha kuihudumia XP, naye akasikia kwamba mashine itaingiwa na virusi. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akahamisha faili kwenye flashi, akafomati diski, akaweka Windows 7, akarudisha faili. Rekodi 43 ziliondoka, rekodi 43 zikarudi. Kwa kipimo cha kila mtu, kazi ilikuwa imekwisha vizuri.

Tuligundua mwaka jana tu, mvutano wa mpaka ulipozuka na ukoo ukaambiwa ulete ulicho nacho. Baba mdogo akafungua ile folda kwa kujiamini. Sauti zipo, tena wazi kabisa, unasikia mpaka kuku nyuma. Mzee mmoja anaeleza mpaka wote, jiwe kwa jiwe. Ni nani huyo mzee? Kimya. Wengi wao walishazikwa.

Tulifanya kilichowezekana. Tuliketi na bibi mmoja wa ukoo tukamchezea sauti moja moja. Zingine alizitambua kabla hata mtu hajamaliza salamu, na moja ilimfanya aombe tusimamishe kwanza. Mpaka sasa tumerudishia majina rekodi 19. Zilizobaki 24 ni sauti za watu wanaojua mashamba yetu kuliko sisi, na sisi hatuwajui.

Na si ubishi wa nyumbani tu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, iliongezewa mwaka 2014 kifungu cha 78A kinachokubali ushahidi wa kidijitali. Lakini kifungu hicho kinataka mahakama, inapopima uzito wake, iangalie jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na jinsi aliyeutoa alivyotambulishwa. Rekodi isiyo na jina wala tarehe inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikakosa uzito.

Usicheke, simu yako inafanya vivyo hivyo

Najua unasema XP ni mambo ya babu zetu. Haya, chukua simu yako. Picha uliyopiga kwa kamera ina maelezo ndani: tarehe, saa, aina ya simu, na kama uliruhusu, mahali uliposimama. Itume kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na maelezo hayo yanatolewa. Aliyeipokea anapata picha na siku aliyoipokea, basi. Ukitaka yafike, itume kama dokumenti, si kama picha.

Umehamia simu mpya ukanakili faili kwa mkono? Mara nyingi tarehe ya faili inageuka kuwa ya siku uliyonakili. Unafungua galari, unakuta matanga ya 2019 na harusi ya 2023 zote zimetokea Jumanne iliyopita. Umeamua kupakua picha zako zote kutoka Google Photos kwa huduma ya Takeout? Maelezo mengine, kama yale uliyoandika mwenyewe, yanakuja kwenye faili ndogo za pembeni za JSON. Watu wanaziona kama takataka, wanazifuta.

Mchezo ni uleule wa 2014. Maelezo yako yanakaa mahali ambapo kampuni fulani imeamua yakae, na siku ikibadilisha mawazo, hupigiwi simu.

Kama diski ya zamani bado ipo

Ikiwa kuna kompyuta ya XP nyumbani ambayo haijafomatiwa, usiiguse kwanza. Kama maelezo yaliandikwa, kuna uwezekano bado yamo.

Fundi akikuambia anahamisha kwa flashi, mwambie atumie diski iliyopangwa kwa NTFS. Kunakili kutoka NTFS kwenda NTFS kwa njia ya kawaida kunabeba na ule mfuko wa pembeni. Asifomati diski ya zamani mpaka umehakikisha.

Unahakikisha vipi? Kwenye Windows ya Vista na za baadaye, fungua lile dirisha jeusi la amri, nenda kwenye folda yako, andika dir /r kisha bonyeza Enter. Ukiona chini ya jina la faili kuna mstari wa pili wenye neno SummaryInformation, tabasamu. Maelezo yako hai. Windows mpya haitakusomea, lakini ukiiweka diski kwenye mashine ya XP, ambayo hujaiunganisha na intaneti, utayaona kwenye ukurasa wa Summary kama yalivyoachwa. Yanakili yote upya, moja baada ya jingine. Inachosha, manze, lakini ni kazi ya siku moja au mbili.

Kama diski ilishafomatiwa na faili zikapitia kwenye flashi, kama zetu, usimlipe mtu anayekuahidi miujiza. Pesa hiyo mnunulie bibi chai, ukae naye umchezee sauti.

Andika mahali pasipofungwa

Kwa faili za kuanzia leo, haya ndiyo tunayofanya kwetu, na hayahitaji programu yoyote.

Maelezo ya lazima yaweke kwenye jina la faili. Jina ndilo linalosafiri kila mahali: flashi, barua pepe, Windows yoyote, simu yoyote. Anza na mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe: 2025-08-14, kisha mahali, kisha anayezungumza, kisha mada. "Sauti 17" si jina.

Maelezo marefu yaandike kwenye faili ya maandishi ya kawaida, ya txt, ndani ya folda hiyohiyo, mstari mmoja kwa kila faili. Faili za namna hiyo zilisomeka kabla ya XP na zitasomeka baada ya Windows 11. Kisha yanakili hayohayo kwenye kitabu cha mazoezi kwa kalamu. Ndiyo, kitabu. Hakuna anayekipeleka kwa fundi.

Na ukimrekodi mtu, mwache aanze kwa kusema jina lake, jina la baba yake, tarehe na mahali mlipo. Sekunde kumi tu. Maelezo yanakuwa ndani ya sauti yenyewe, na hakuna mfumo unaoweza kuyatenganisha. Baba mdogo amenunua simu mpya na ameanza tena kurekodi wazee waliobaki. Siku hizi hambonyezei mtu kitufe kabla hajamwambia, "Mzee, jitambulishe kwanza."