Usafi wa Kiwanda Hauletwi na Cheti

Kampuni nyingi za ng'ambo hujivunia cheti cha ISO 14001, na baadhi ya wanunuzi hukitaka. Twaona ni wajibu kuwaeleza wanachama maana yake, kwani cheti ni kimoja na usafi ni kingine.

Kanuni hizo, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, hazimwambii mwenye kiwanda moshi wake uwe kiasi gani. Zamtaka aahidi kutii sheria ya nchi, aandike kazi yake yaharibu nini, ajiwekee shabaha, apime, kisha arekebishe. Basi yawezekana viwanda viwili vyenye cheti kile kile, kimoja kikawa kichafu kuliko chenziwe.

Khasa lililo muhimu ni nani afanyaye kazi hiyo. Huko Marekani kampuni ya 3M ilianza mpango wake mwaka 1975, kabla ya vyeti hivi, kwa fikira ya mhandisi Joseph Ling: taka isiyotoka haihitaji kusafishwa. Mafundi wenyewe waliombwa walete mashauri kwa hiari yao, nayo yapunguze uchafu na kuokoa fedha pia. Katika kiwanda chake cha dawa, Northridge, California, vidonge vilivishwa ganda kwa dawa kali ya kuyeyushia, ambayo mvuke wake ulipaa hewani. Wakabadili, wakatumia maji. Mabadiliko yaligharimu dola 60,000; mtambo wa kunasa mvuke, ambao haukuhitajiwa tena, ungaligharimu dola 180,000. Hesabu hiyo mkulima yeyote ataifahamu.

Lakini tusidanganyane. Kampuni hiyo hiyo kwa miaka mingi ilitengeneza kemikali za PFAS, ambazo haziozi ardhini wala majini, na mwaka 2023 ilikubali kulipa kiasi cha dola bilioni 10.3 kwa ajili ya maji ya kunywa ya Wamarekani. Kumbe waweza kuhesabu kila tone limwagikalo kiwandani, na hatari ikatoka mlangoni imefungwa vizuri, tayari kuuzwa.

Kwa hivyo mwanachama akionyeshwa cheti na kiwanda cha kukamulia mafuta ya makonyo, naaulize: makapi yaliyokwisha kuchemshwa yaenda wapi? Maji ya moto humwagwa wapi? Kuni zatoka shamba gani, na nani azipimaye? Na aombe ajibiwe na mpika mafuta mwenyewe, si karani wa ofisini.