Tufunge Vipi Prosesa ya Sauti?



Sisi wa kando ya Tana hapa Balambala tunajua maji hayapigi hodi. Mabwawa ya Masinga na Kiambere yakijaa kule juu, mto hufurika kwetu hata kama hapa hakujanyesha. Mafuriko ya 1997, 2018 na 2023 hayajasahaulika. Kwa hiyo vipaza sauti vya kikundi si vya harusi na harambee tu. Iko siku vitatumika kutangaza "msivuke". Mtu aliye ng'ambo akikosa ile "msi", yeye amesikia "vuke", na ataingia majini.

Ile "s" ni sauti nyembamba, na mngurumo mzito huifunika. Hapo ndipo prosesa inafanya kazi. Haiongezi nguvu, hiyo ni kazi ya amplifaya. Yenyewe huchuja sauti na kulinda spika. Lakini kama mna spika moja na amplifaya ndogo ya betri, msijisumbue kununua prosesa. Tafuteni waya nzuri kwanza.

Chombo chenyewe ni sanduku bapa la chuma, upana inchi 19, linalofungwa kwa skrubu kwenye fremu. Amplifaya ni nzito na ina joto, ikae chini kabisa. Acheni nafasi ya hewa, na hili vumbi letu mlijue: funikeni kwa kitambaa, ila msifunike ikiwa inawaka.

Waya zifuatane hivi: maiki, mikza, prosesa, amplifaya, spika. Waya inayotoka amplifaya kwenda spika isiguse prosesa hata kidogo, itaiunguza. Mkiwasha, amplifaya iwe ya mwisho. Mkizima, iwe ya kwanza. Mkigeuza, spika zitapiga kishindo, na kishindo kama hicho huweza kuzipasua.

Sasa marekebisho. Spika za honi, zile za msikitini na kanisani, haziwezi sauti nzito, kwa hiyo kateni kila kilicho chini ya hertzi 250 hivi. Msiogope sauti ikiwa nyembamba, mnataka maneno. Kisha ongezeni kidogo tu kati ya hertzi 2,000 na 4,000, maana "t" na "k" hutegemea sana sehemu hiyo. Mkizidisha, maiki itapiga mluzi. Ikipiga, sogezeni maiki nyuma ya spika kabla ya kugusa kitufe chochote.

Halafu kuna kizuizi, kinachozuia sauti isipite kipimo. Mwiteni mwenye sauti kubwa kuliko wote apige kelele karibu na maiki. Taa ya kizuizi iwake anapopaza tu, kisha izime. Ikikaa imewaka, punguzeni kwenye mikza. Na kama sauti imekwaruza tangu kwenye mikza, prosesa haitaiponya.

Mkimaliza msiulizane "mnasikia?" Kila mtu atajibu ndiyo. Mpelekeni mmoja mpaka mwisho wa mashamba na daftari. Huku mmoja asome maneno kumi, mengine ya kukataza na mengine ya kuruhusu, kwa Kiswahili na Kisomali. Asome mwanamume, asome na mama. Yule wa shambani aandike alichosikia, kisha mlinganishe. Fanyeni hivyo upepo ukivuma kutoka kwake kuja kwenu, kwa sababu upepo wa namna hiyo hurudisha sauti. Yakifika sawasawa, hifadhini vipimo ndani ya mashine na muviandike pia daftarini, maana siku ya harusi vijana watavigeuza.

Kuhusu umeme wa sola: tuseme mashine zote zinakula wati 120. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 10. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 isitumiwe zaidi ya nusu, na inveta nayo inakula kidogo, kwa hiyo hesabuni saa nne. Msimu wa mvua jua ni haba, basi betri hiyo isichajie simu za watu.