Kuchimba kwa mkono chini ya maji ya Mbita

Kazi ya eksakaveta ufuoni Mbita, kwenye Ziwa Victoria, ni kuchimba usichokiona. Ndoo ikishazama kwenye maji yenye tope, mwendeshaji hana jicho tena. Tuta la mawe lililojengwa miaka ya 1980 kuunganisha mji na Kisiwa cha Rusinga lilikuwa limeziba mkondo wa maji. Muongo uliopita daraja likachukua nafasi yake, maji yakapita tena. Kwa kazi ya kufukua tuta kama hilo chini ya maji, anayegusa mwamba mapema ndiye anayelinda meno ya ndoo.

Zamani mkono ulihisi. Wenzo uliungana kwa vyuma na vali yenyewe. Mzigo ukizidi, mafuta yaliusukuma na kiganja kikasikia. Kwenye mashine nyingi za leo wenzo hupeleka mafuta ya shinikizo dogo tu, kama bari 35, yakafungue vali kuu inayobeba bari 300 na zaidi. Mkono hauchoki, lakini unachosikia ni springi, basi. Wazoefu husikiliza injini inavyolemewa na kiti kinavyotikisika. Ndiyo sababu watengenezaji wameleta wenzo wenye mota ndani yake, unaokazika au kutetema mzigo unapopanda.

Je, utalipa huku kwetu? Mashine hukodishwa kwa saa, na ugomvi wa kwanza huwa dizeli: ya mteja au ya mwenye mashine? Sili ikipasuka, saa za kusubiri spea kutoka Kisumu au Nairobi hazilipwi na mtu. Mkandarasi mwenye zabuni ya gati atapiga hesabu akaona faida. Mwenye eksakaveta moja ya mtumba, nisingemshauri; vihisio vinataka kompyuta na fundi wa kuvisoma. Fedha hiyo inunue filta.

Kwa nini filta? Pistoni ya vali na tundu lake huachana kwa maikroni chache tu, na vumbi la murramu halisamehe. Fundi makini huichomoa, akaifuta, akaipaka mafuta na kuirudisha ikiwa wima: iteremke yenyewe, taratibu. Ikikwama, au ikiwa na mkwaruzo unaoshika ukucha, imekwisha.

Anayenunua mtumba aijaribu injini ikiwa imepata moto. Asukume wenzo polepole, kidogo kidogo. Ndoo ikikaa kimya kisha ikaruka ghafla, ashushe bei, au aondoke.